Pupu

Buchani kwa Maganga linaitwa pupu,
nusu bei ya maini.
"Una mbwa wangapi?" akaniuliza, akifunga gazeti.
Sikumjibu. Nilitaka lile lenye koo lake,
lisilochanwa, moyo ukiwa bado umening'inia
kama mtoto aliyekataa kushuka mgongoni.

Isevya, uani, beseni la kufulia.
Nikaliosha mpaka maji yakachoka kuwa mekundu.
Daftari juu ya kinu, wembe, sindano ya kushonea magunia.
Jumatatu Mwalimu Ndaki atauliza,
naye haulizi mara mbili.

Mrija wa hewa una pete, unazihesabu kwa kidole,
pete zisizokamilisha duara:
nyuma zimeachwa wazi, ili tonge la ugali
likipita mlango wa pili lipate pa kujitanulia.
Kisha njia inagawanyika, na mimi niliyezaliwa hapa
sihitaji kuchorewa stesheni ya njia panda:
kulia Mwanza, kushoto Kigoma.
Ya kulia ni pana, inashuka wima zaidi,
ndiyo maana punje ya karanga iliyokosea mlango
hukatiwa tiketi ya kulia.

Lakini mbuzi ana jambo ambalo kitabu changu hakina.
Juu kidogo, kabla ya njia panda,
kitawi kinachomoka peke yake
kwenda kulisha pande moja dogo la kulia.
Nikaandika pembeni: *Igalula*.
Kituo cha kabla ya Tabora.

Mishipa ndiyo iliyonisumbua.
Miezi minne tunakariri: ateri damu angavu, vena damu nzito,
halafu tunafika hapa, na kanuni inavua viatu mlangoni.
Huyu atokaye moyoni kwenda pafuni ni ateri,
na amebeba giza.
Hizi zinazorudi ni vena, na ndizo zing'aazo.
"Jina hufuata safari, si mzigo," alisema Ndaki,
"anayeuaga moyo ni ateri,
hata kama amejitwika majivu."

Bega kwa bega na mirija inakwenda,
ikigawanyika, ikipungua,
mpaka wembe hauna tena pa kushika,
mpaka ni vifuko vya hewa vilivyovishwa wavu,
ukuta mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu,
na chembe za damu zinavuka moja moja
kama watu kwenye daraja la gogo.

Baba akatoka ndani, mkono ukutani.
Misimu kumi na tisa alichochea bani la tumbaku Urambo,
kila mkausho usiku saba, moto usishuke, moshi usivuje.
Ukavuja.
"Ndilo hili lililoharibika?"
"Hili ni la mbuzi, baba."
"Mbuzi namjua. Nimekuuliza."

Nikamwonyesha. Sikumwonyesha yote.

Akakata bua la jani la mpapai,
akalichomeka kooni, akakaza kwa kamba ya kiatu.
"Sogea."
Akavuta pumzi; nikaisikia ile filimbi yake.
Akapuliza. Hamna.
Akainama, viganja magotini, nzi wakazunguka beseni.
Akapuliza tena.
Likaumuka pande moja tu, lile dogo la juu,
likapata rangi ya ulimi wa mtoto, likalala.

"Imeishia wapi?"
"Igalula," nikasema, kabla sijauzuia mdomo.

Akacheka mpaka kikohozi kikamkalisha kitako.
Alipopata sauti akafuta macho:
"Basi kesho nitaanzia hapo."

Jioni mama alilikata vipande, vitunguu, nyanya mbili,
pilipili ya kumtuliza nani sijui.
Pupu halizami. Alikandamiza kwa mwiko,
likarudi juu. Akafunika,
na usiku kucha, nilipokuwa nikichora ateri kwa kalamu ya bluu,
nilisikia kifuniko kikinyanyuka, kikitua,
kikinyanyuka,
na chumba cha pili filimbi ikikijibu.